Kaida za Jamii: Kwa Nini Tunafanya Wanayofanya Wenzetu?

Wahenga walisema: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Katika saikolojia, jambo hili huelezwa kwa jina la kaida za jamii, yaani kanuni zisizoandikwa zinazomwelekeza mtu lipi afanye na lipi aache.

Aina zake
Kaida ni za aina mbili: yale ambayo watu wanayafanya, na yale ambayo watu wanayaona yanafaa. Mara nyingi mambo haya mawili hayalingani.

Katika makuzi
Kaida huanza mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watoto wa miaka 3 walionyeshwa mchezo mpya. Kikaragosi kilipoucheza vingine, walikipinga. Mtoto haigi tu anachokiona, hukitetea pia.

Katika maamuzi
Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwataka wanafunzi wataje mstari upi kati ya mitatu unalingana kwa urefu na mstari waliopewa. Katika kila kundi, wote walikuwa wameagizwa kukosea isipokuwa mmoja. Katika majaribio hayo ya miaka ya 1950, takriban robo tatu ya waliopimwa walifuata kosa angalau mara moja. Lakini alipokuwepo mwenzao mmoja tu aliyesema kweli, kufuata kosa kulipungua sana.

Pia tunakosea kudhani wenzetu wanafikiri nini. Utafiti wa Riyadh, Saudi Arabia, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa vijana wengi waliooa waliridhia wanawake kufanya kazi nje ya nyumba, ila wengi wao walidhani kuwa wenzao wanaoridhia ni wachache kuliko ilivyo kweli. Waliojulishwa ukweli waliwaandikisha zaidi wake zao katika huduma ya kutafutiwa kazi.

Funzo kwa familia
Fiqhi huizingatia ada maadamu haipingani na Sharia. Basi ada nayo ipimwe. Familia inapokopa kwa ajili ya harusi kwa kuogopa maneno ya watu, ijiulize: ni nani hasa aliyeyadai hayo? Huenda jirani naye amechoka, ila anangoja mwenziwe aanze.

Na mtoto akisema "wenzangu wote wanafanya," wazazi msikimbilie kukaripia. Muulizeni: ni wangapi, na wenyewe wanaridhika nalo? Kisha msaidieni apate rafiki mmoja mwenye msimamo. Mmoja hutosha kumpa mwenzake ujasiri wa kusema kweli.