Bili Ikishalipwa

Hakuna kitu kinawaleta Wakenya pamoja haraka kama bili ya hospitali. Mwaka wa 1963 Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa mwito wa taifa. Tulijenga shule na zahanati kwa michango, na mgonjwa naye akachangiwa vivyo hivyo. Mwaka wa 1966 ikaja NHIF, mwanzoni kwa watu wa mshahara. Mwaka wa 2007 ikaja M-Pesa, na kapu la harambee likahamia kwenye simu. Oktoba 2024 NHIF ikapisha SHA. Majina yamebadilika, lakini msaada bado unafuata bili.

Mamangu alipopatikana na saratani ya matiti, tulichanga. Karo yangu ya mwaka wa pili iliingia humo pia, na ndivyo nilivyoacha chuo. Upasuaji, kemo, mionzi, vyote vikalipwa. Siku alipomaliza, watu waliandika "Mungu ni mwema" kwenye grupu ya WhatsApp, kisha wakatoka mmoja mmoja.

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Mkono wa upande uliopasuliwa ulikuwa unafura, kwa hivyo hangeweza kubeba mzigo wa mitumba. Kibanda kikafungwa. Landilodi naye hajui kemo, anajua tarehe tano. Kuna nauli ya kliniki, na tembe ambazo wengi humeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Sasa nani ataitisha harambee ya kodi ya nyumba? Mama aliona haya hata kuomba.

Waliomshika ni wanawake wa chama chake. Walimpa zamu yake mapema, na mwenzake mmoja akamuuzia nguo hadi mkono ukapata nguvu.

Hawakubuni jambo geni. Miaka ya 1960, wanawake wa Mkoa wa Kati walikuwa na vikundi vya mabati: wanachanga, wanaezeka nyumba ya mmoja, halafu wanaenda kwa mwingine, mpaka kila mtu apate. Harambee ni ya siku moja. Chama kinarudi mwezi ujao, na mtu anayepona anahitaji watakaorudi.

Kwa hivyo ukiona grupu imeandika "tumefikisha, asanteni", usitoke bado. Uliza kodi inalipwa lini.