Injini Mbele ya Mlima: Funzo la Makambako

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA huijua Makambako kabla ya kuiona. Akisha kuipita Mlimba, joto la Bonde la Kilombero humwacha kidogo kidogo. Mahandaki humpokea, moja baada ya jingine. Na hatimaye baridi ya nyanda za Wabena humlazimisha kutafuta blanketi. Yeye huhisi baridi tu. Injini iliyo mbele yake huhisi jambo jingine: hewa imepungua.

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, twazoea kufikiria ngoma, mashairi na mila za wazee. Lakini namna taifa linavyochagua mitambo yake na kuilinganisha na ardhi yake nayo ni sehemu ya utamaduni huo. Kwa sababu hiyo yafaa tuitazame historia ya injini zilizopanda Makambako.

Kwanza tueleze asili ya tatizo. Injini haiishi kwa mafuta peke yake; huyachoma mafuta kwa hewa. Makambako iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Katika kimo cha Makambako hewa huwa hafifu kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Injini isiyokuwa na chombo cha kushindilia hewa hupoteza nguvu karibu kwa kadiri hiyo hiyo, na huzipoteza pale pale mlima unapozidai. Dereva wa lori apandaye Njombe na shehena ayajua haya hata kama hakusoma fizikia.

Adui huyo huyo aliwasumbua waundaji wa ndege za kivita. Katika kimo cha meta 11,000 hewa hubaki chini ya theluthi moja ya ile ya pwani. Tuchukue mfano wa MiG-21 ya Urusi, ndege iliyoweza kuruka mara mbili ya kasi ya sauti, ambayo jeshi letu lilikuwa nayo katika Vita vya Kagera vya 1978-1979. Umbo lake halikubadilika sana, bali injini yake ilibadilishwa mara kwa mara. R-11 ya matoleo ya mwanzo ilitoa msukumo wa kilo 5,700 hivi. R-25 ya miaka ya 1970 ilifikia kilo 6,850 hivi. Tarehe 28 Aprili 1961 rubani Georgi Mosolov alifika meta 34,714 katika ndege ya jamii hiyo, lakini ilibidi asaidiwe na roketi, kwa maana roketi haitegemei hewa ya nje.

Sasa turudi relini. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba baharini bila kupita kusini. Mkataba wa reli ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Sehemu ya Mlimba hadi Makambako, yenye mahandaki 18, ilikuwa miongoni mwa zilizowagharimu sana wafanyakazi wa Kitanzania, Kizambia na Kichina.

Vichwa vya kwanza vya garimoshi vilitoka China. Vile vya safari ndefu vilikuwa na nguvu za farasi 2,000. Mlima wa Makambako uliwashinda nguvu. Hatusemi kwamba hewa peke yake ndiyo iliyokosa: mwinuko mkali, joto la injini na uhaba wa vipuri vilishirikiana nayo. Kichwa kikiwa dhaifu, njia ni mbili tu: kupunguza mabehewa, au kuongeza kichwa cha pili. Zote mbili ni hasara, na reli iliyojengwa kwa ajili ya ukombozi haikuweza kuivumilia daima.

Mwaka 1983 vililetwa vichwa vya dizeli na umeme vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani Magharibi, vyenye nguvu za farasi zipatazo 3,000. Baadhi ya vile vya Kichina navyo vilipewa injini mpya za MTU. Yaweza kudhaniwa kwamba kubadilisha hivyo ni kuidharau zawadi ya rafiki. Sisi twaona kinyume chake. Njia, madaraja na mahandaki waliyoyachimba wale wafanyakazi yalibaki. Kilichorekebishwa ni nguvu ya kuyapita. Kuificha kasoro kwa ajili ya heshima kungaliiacha reli yenyewe ikidhoofika.

Walimu wa Njombe na Makambako wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa sufuria na kipimajoto. Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100. Ya Makambako huchemka karibu na nyuzi 95, kwa kuwa uzito wa hewa unaoyakandamiza ni mdogo. Mwanafunzi akisha kuyapima mwenyewe, na aende stesheni akalitazame garimoshi likiwasili kutoka Mlimba. Atatambua kwamba kabla ya kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, ni lazima kuuliza itafanya kazi wapi.