Gitaa: Jina la Wagiriki, Mkono wa Seremala

Jina la gitaa linatokana na kithara ya Wagiriki wa kale. Chombo chenyewe ni habari nyingine. Picha zilizochorwa kwenye mitungi ya Wagiriki zinaonesha kinubi: sanduku la mbao, mikono miwili iliyosimama, na mti uliolazwa juu kushikilia nyuzi. Kithara haikuwa na shingo ambayo mpigaji angekandamizia nyuzi.

Warumi waliita cithara, Waarabu qitara, Wahispania guitarra, hadi Waswahili nao wakapata gita na gitaa. Wapo wanaolihusisha jina hili na neno la Kiajemi tar, yaani uzi, lililomo katika sitar ya India. Mfanano huo unavutia, lakini asili ya Kigiriki ndiyo yenye ushahidi mzito.

Chombo kilikulia Hispania. Mwaka 1546 mwanamuziki Alonso Mudarra alichapisha mjini Sevilla muziki wa gitaa dogo lenye safu nne za nyuzi. Safu zikawa tano, na kuelekea mwaka 1800 nyuzi sita, moja moja, zikashika nafasi.

Umbo la gitaa la kisasa la nyuzi laini lina deni kubwa kwa mtu mmoja, Antonio de Torres, aliyezaliwa Almería mwaka 1817 na kuanzia kazi katika useremala. Alipanua tumbo la gitaa, akaufanya ubao wa mbele kuwa mwembamba, na kwa ndani akaubandika vijiti vilivyotandazwa kama upepeo. Aliamini kwamba sauti hutoka kwenye ubao huo. Ili kuthibitisha, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi, akaacha uso tu uwe wa mbao bora. Lilitoa sauti, na mpaka leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Ni ujasiri wa fundi anayeijua kazi yake.

Katika karne ya 20 gitaa lilishika mizizi hata Afrika, huko Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyeimba pia kwa Kiswahili. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na rekodi yake ya "Masanga" bado inafundishwa kwa wapiga gitaa wa mabara mengine.