Pate Ilipouhoji Moyo

Abiria anayetoka Lamu kwenda Pate hushukia Mtangawanda, kwani pwani ya mji wenyewe ina maji haba na mashua haifiki ila maji yakijaa. Kutoka gatini ni mwendo wa kama saa moja kwa miguu, ndipo unapokutana na tumbaku iliyopandwa katikati ya kuta za matumbawe. Hapo palikuwa na majumba ya waungwana enzi za Wanabahani, waliotawala Pate. Magofu hayo ndiyo aliyoyaimba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi, yapata miaka 200 iliyopita.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ni shairi la kuanguka kwa mji. Ni kweli, lakini nusu tu. Katika beti zake zisizofika 80, mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anauhoji, anaukemea kwa kuipenda dunia, anauuliza mbona hauzinduki. Yupo anayeuliza na upo unaoulizwa, na wote ni mtu mmoja. Yawezekanaje mtu alijue jema, alitamke, kisha asilifuate? Wanafalsafa wa Ugiriki walisumbuka na swali hilo hilo.

Mshairi hakuanza patupu. Alikuwa wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Hadhramaut, na masharifu wa huko walikienzi mno kitabu cha mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, Ihya Ulum al-Din. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika humo sehemu nzima kuhusu maajabu ya moyo. Anaupambanua na roho, nafsi na akili, kisha anamfananisha binadamu na mji: ndani yake yumo mfalme, yaani moyo, akili ni waziri wake, hasira ni mkuu wa askari, na tamaa ni mtumwa aletaye chakula, ila ni mlaghai. Mfalme akimsikiliza mtumwa akampuuza waziri, mji huharibika. Sayyid Abdallah alikuwa na mji wa namna hiyo mbele ya macho yake, umeshaharibika.

Saikolojia ya Magharibi nayo ilikuja kuyachungua ya ndani: mwaka 1879 mwanasaikolojia Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, na humo watu walifunzwa kuchungua yanayopita nafsini mwao. Mwaka 1913 John Watson wa Marekani alilikataa jambo hilo: tupime tabia, alisema, ya ndani hayapimiki.

Kinachokera ni kilichofuata. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Wakati huo Al-Inkishafi ilikuwa imeshachapishwa London na William Hichens tangu 1939, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Asiyejichungua nafsi hawezi kutunga shairi lile.

Wahadhiri wa saikolojia wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ombi langu ni dogo: kabla ya kuwataja Wundt na Watson, wasomesheni wanafunzi wa mwaka wa kwanza Al-Inkishafi.