Kamĩrĩĩthũ: kitabu kiliruhusiwa, jukwaa likavunjwa

Julai 1977, Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha wa Kenya, alizindua jijini Nairobi riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood. Riwaya hiyo ya Kiingereza iliwashutumu bila kificho waliojitajirisha kwa matunda ya uhuru, lakini haikupigwa marufuku, wala mwandishi hakuguswa. Ilipofika usiku wa kuamkia 31 Desemba mwaka huohuo, mwandishi yuleyule alichukuliwa na polisi nyumbani kwake Limuru, akatiwa kizuizini katika gereza la Kamiti pasipo kushtakiwa. Baina ya uzinduzi na kizuizi ilipita tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya maneno makali yaliyowaudhi wakubwa. Tukiupanga ushahidi kwa tarehe zake, tunaona jambo jingine: maneno yalivumiliwa, ila watu waliokusanyika kuyasema hawakuvumiliwa.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichotokana na hali ya hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipowahamisha wakulima kwa nguvu na kuwarundika pamoja ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Miaka ya 1970, wengi wa wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na watu wasio na ajira. Kituo cha kijiji kilianza na ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima. Wanafunzi walipojua kusoma, wakataka kitu cha kusoma na cha kuigiza, ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaombwa kuandaa mswada. Wanakijiji waliusikiliza ukisomwa, wakaurekebisha: wazee walisahihisha lugha na nyimbo, wafanyakazi wakaongeza hesabu za ujira wao. Ukumbi wa wazi, wa kukaa watu 2,000 na zaidi, waliujenga kwa mikono yao. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia akiruhusiwa kutazama na kukosoa.

Walichokiigiza kilikuwa habari ya siku zile. Kĩgũũnda, kibarua mwenye shamba la ekari moja na nusu, ameitundika ukutani hati ya shamba hilo kama picha ya mzee wa ukoo. Tajiri Ahab Kĩoi na mkewe wanamshawishi afunge ndoa ya kanisani, maana ile ya kimila haitoshi machoni pa wacha Mungu. Anachukua mkopo wa benki kwa dhamana ya shamba, na mwisho shamba linapigwa mnada. Katika nchi ambako wapiganaji wa ardhi walizeeka bila ardhi, mtazamaji hakuhitaji kuelezwa Kĩoi ni nani, kwani walio kama yeye ndio waliokuwa waajiri wake.

Tamthilia ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, miaka 25 tangu Mau Mau ianze. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali. Haikutumia sheria ya vitabu. Ilitumia sheria ya mikusanyiko ya hadhara, ileile iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Mwaka 1980 Ngaahika Ndeenda ilichapishwa Nairobi kama kitabu, ikauzwa madukani, na baadaye ikatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda. Mtu aliweza kuinunua na kuisoma chumbani mwake, lakini kuicheza uwanjani mwa kijiji lilikuwa kosa. Kundi liliporudi mwaka 1982 na Maitũ Njugĩra, mchezo uliohusu enzi za ukoloni, lilinyimwa ukumbi wa taifa. Maelfu wakafurika kutazama mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Machi mwaka huo polisi waliingia Kamĩrĩĩthũ na kuubomoa ukumbi. Hati ya mchezo inaweza kuzuiwa kwa kalamu, ila ukumbi haubomolewi kwa sababu ya sentensi.

Wapo waliodai kwamba tatizo lilikuwa ukabila, kwa kuwa mchezo ulichezwa kwa lugha ya jamii moja. Maitũ Njugĩra ilikuwa na nyimbo zaidi ya 80 kutoka jamii mbalimbali za Kenya, na bado haikupata kibali. Wengine husema michezo ya aina hii ni hotuba iliyovishwa mavazi. Hatari hiyo ipo, na Tanzania imeionja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilienea mashuleni na kwenye mikutano, wanafunzi wakikariri majibizano ya kusifu ujamaa. Nazo zilihusu mambo ya siku zile, tena moja kwa moja, lakini mshindi wa ubishi alijulikana kabla haujaanza. Hakuna aliyezifutia kibali, kwa sababu hoja ilishuka kutoka juu na mchezaji kazi yake ilikuwa kuipokea. Kwa hiyo, kuzungumzia mambo ya leo peke yake hakuutishi utawala. Swali ni nani anayeyazungumza, na nani aliyemtuma.

Pingamizi zito zaidi linatoka shule ya wasichana ya Butere. Mwaka 2025, wasichana wa shule hiyo walitayarisha Echoes of War, tamthilia ya Kiingereza iliyoandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala, kuhusu vijana waliokata tamaa na watawala wao. Hapakuwa na kijiji wala lugha ya mama, na bado iliondolewa katika mashindano ya maigizo ya shule mpaka Mahakama Kuu ilipoirudisha. Mwandishi akakamatwa. Tarehe 10 Aprili, mjini Nakuru, wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza, na polisi wakawarushia watu gesi ya kutoa machozi. Je, si maneno yaliyoogopwa hapo? Haukuwa umepita hata mwaka tangu vijana wa Kenya waandamane dhidi ya Mswada wa Fedha wa 2024 na kuvamia bunge. Katika mchezo wa Butere, rika lililoandamana lilikuwa linajiigiza lenyewe, mbele ya rika lake. Lugha ilibadilika, lakini uhusiano wa mchezaji na hadhira ulikuwa uleule wa Kamĩrĩĩthũ.

Tukisema michezo hii haikubadilisha kitu, kwa kuwa Rais Moi alitawala hadi 2002, tunaipima kwa mizani ya uchaguzi. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha kibarua kwamba deni lake halikuwa mkosi wake binafsi, na kwamba aliyeketi pembeni yake analo pia. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi, ikachezwa katika ukumbi wa taifa jijini Nairobi, na haikuzuiwa. Ilikuwa imekwishakuwa urithi, ikichezwa na waigizaji wa jiji. Miaka mitatu baadaye gesi ilirushwa Nakuru. Anayetaka kujua ni mchezo gani unaosema ukweli wa leo asitafute makali ya maneno yake. Atazame ni wapi polisi wamefika kabla ya pazia kufunguliwa.