Mwani wa Kijani Hauanzii Baharini

Msikilizaji wa hapa Mfaranyaki anaweza kuuliza: sisi watu wa Songea mwani unatuhusu nini, na bahari ni safari ya kutwa nzima kwa basi? Unatuhusu. Mto Ruvuma unaanzia hapo juu, milima ya Matogoro, na unaishia Bahari ya Hindi.

Sizungumzii ule mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wanaulima tangu mwaka 1989. Ule ni mali. Nazungumzia wa kijani, mwembamba kama jani la saladi, unaojiotea juu ya mawe ya pwani. Ukiwa kidogo hauna ubaya, na samaki huula. Ukipata naitrojeni na fosforasi kwa wingi, pamoja na jua na maji yaliyotulia, huongezeka upesi mno, hufunika matumbawe, kisha hufa na kuoza. Kuoza huko humaliza oksijeni majini. Naitrojeni na fosforasi hizo ndizo tunazonunua katika mifuko ya mbolea. Zimo pia chooni.

Kwetu Tanzania, choo ndicho cha kulaumiwa kwanza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitandaza bomba la kumwaga majitaka ya Dar es Salaam baharini, pale Ocean Road. Sensa ya 1957 ilikuta mjini watu wapatao 129,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao hawakuunganishwa na bomba lolote. Wana vyoo vya shimo, mvua ikinyesha vinafurika, na mto Msimbazi unabeba uchafu hadi baharini karibu na Selander. Aliyepita pale maji yamekupwa anaijua harufu, na si tope la mikoko peke yake linalonuka.

Unguja nako wataalamu walichunguza mapema. Mwaka 1995 kundi lililokuwa na marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilieleza kwamba fosforasi ya majitaka ya mji wa Zanzibar inadhoofisha mwani mgumu wenye chokaa, ule unaosaidia kuushikamanisha mwamba wa matumbawe. Yaani uchafu ule ule unamnenepesha mvamizi na kumdhoofisha mjenzi.

Wenzetu wa Ufaransa waliletewa balaa na kilimo. Jimbo la Bretagne liligeuzwa baada ya Vita Kuu ya Pili kuwa zizi la taifa, na leo zaidi ya nusu ya nguruwe wa Ufaransa wanafugwa huko. Samadi ilizidi kiasi ambacho mashamba yangeweza kula, ikaingia mitoni, na tangu miaka ya 1970 fukwe zikaanza kujaa mwani. Mwani ukioza chini ya gamba lililokauka hutunza gesi yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo inaua. Julai 2009 farasi alizama katika tope hilo akafa, na aliyempanda akazirai. Mwaka 2016 alikufa mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi. Familia yake ilihangaika mahakamani miaka mingi, hadi Juni 2025 mahakama ya rufaa ya Nantes ilipoamua kwamba serikali inabeba sehemu ya lawama, kwa kutosimamia ipasavyo sheria za kulinda maji.

China mwaka 2008 ilipeleka watu zaidi ya 10,000 kuzoa mwani huko Qingdao, kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki. Wakatoa zaidi ya tani milioni moja.

Je, Ruvuma tuogope mbolea? Hapana. Mkoa huu umelisha nchi mahindi tangu miaka ya 1970, na ruzuku iliyorudishwa mwaka 2022 ilikuwa haki ya mkulima. Kwa hekta moja bado tunatumia kidogo mno kulinganisha na Wafaransa. Ila mbolea ya kukuzia iliyotupwa juu ya udongo mteremkoni, bila kufukiwa, mvua kubwa ikija inaondoka nayo. Mkulima ameshailipia. Na kule mto unakoingilia baharini, Mtwara, tangu mwaka 2000 ipo hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye mikoko na matumbawe.