Simba wa Shanga

Ukishuka kwa mtumbwi kutoka Chara, kwenye delta ya Mto Tana, maji hukufikisha Kipini, kwenye mdomo wa Ozi. Karibu na hapo yapo magofu ya Ungwana, aliyoyachimba mwanaakiolojia James Kirkman akayaandikia kitabu kilichotoka 1966. Ukitweka tanga na kufuata pwani kwenda kaskazini-mashariki, unafika Pate, na kusini mwa kisiwa hicho ndiko iliko Shanga.

Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980. Katika udongo wa mnamo mwaka 1100, mji ukiwa tayari na msikiti, alitoka simba mdogo wa shaba nyeusi, kiasi cha kufumbatwa kiganjani. Mwaka 1988 Horton na mwenzake Richard Blurton walimweleza katika jarida la Antiquity: sura yake ni ya kazi za Bara Hindi, lakini huenda aliyemtengeneza alikuwa papa hapa Afrika Mashariki. Mimi naona hilo linawezekana sana. Ufundi wenyewe haukuwa mgeni pwani: fundi humfinyanga mnyama kwa nta, akamkandika udongo na kuuchoma; nta hutiririka nje, shaba iliyoyeyuka ikashika nafasi yake. Kalibu ikivunjwa imekwisha, wala hapatikani simba wa pili. Siwa ya shaba ya Lamu, yaani baragumu la sherehe, iliyoko katika makumbusho ya mji huo, nayo ilisubiwa kwa nta.

Wakusanyaji wa leo wa wanyama wa shaba hupenda pia chui milia na tembo kutoka Japani. Mwaka 1876 serikali ya huko ilipiga marufuku uchukuaji wa panga hadharani, na mafundi waliokuwa wakipamba panga wakageukia vitu vya kuuzia wageni. Mnunuzi humpindua mnyama atafute muhuri wa fundi tumboni. Simba wa Shanga ana kitu kikubwa kuliko muhuri: tabaka la udongo alimolala, lenye vigae na sarafu vya kumtajia umri na majirani. Angefukuliwa usiku akauzwa, yote hayo yangepotea.

Wapokomo wa Tana wanayajua maumivu hayo. Ngadji, ngoma yao takatifu, ilichukuliwa na Waingereza zama za ukoloni. Tangu 1908 imo ghalani British Museum, London, na wenyewe wanaidai irudi mtoni.